Nyota ya Jina na Nyota ya Tarehe: Buruji Kumi na Mbili katika Kiswahili

Safu ya nyota katika magazeti ya Kiswahili husomwa na wengi, hata na wale wanaosema hawaiamini. Mwezi unapoanza, msomaji hutafuta tarehe yake ya kuzaliwa, akaiona imewekwa chini ya jina mojawapo kati ya kumi na mawili: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Kisha husoma kwamba fedha zitachelewa hadi katikati ya mwezi, kwamba ajihadhari na rafiki wa karibu, na kwamba siku yake ya bahati ni Alhamisi. Majina hayo yamezoeleka mno hata ni nadra mtu kuuliza yalitoka wapi. Hata hivyo, ndani yake mna historia ndefu ya lugha, na historia hiyo haiendi sambamba na historia ya tarehe zilizoandikwa pembeni mwake.

Jina la Ndoo latosha kuwa mwanzo wa uchunguzi. Katika lugha za Ulaya, buruji ya kumi na moja ni mtu, yaani mchukua maji anayemimina mtungi. Katika Kiarabu buruji hiyo ni al-Dalw, nalo ni neno la ndoo ya kutekea maji kisimani. Kiswahili kimeshika ndoo, hakikumshika mtu. Hali kadhalika buruji ya sita: Wazungu wanamchora mwanamwali, ilhali Waarabu huiita al-Sunbula, yaani shuke la nafaka, na Kiswahili kikasema Mashuke. Laiti safu hiyo ingalifasiriwa moja kwa moja kutoka Kiingereza, leo pangekuwa na wasomaji wenye nyota ya Bikira. Majina haya mawili yanathibitisha kwamba orodha ilikuwapo pwani kwa Kiarabu, ikatamkwa Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu, kabla ya kutafsiriwa kwa maneno ya nyumbani.

Si kila jina linatoa ushahidi ulio wazi kiasi hicho. Simba, Kaa, Nge, Mizani na Samaki ni vilevile katika mapokeo yote mawili, basi hayawezi kuamua lolote. Mapacha ni tatizo, kwa kuwa neno la Kiarabu al-Jawza halina maana ya pacha. Kwa Waarabu wa kale lilihusishwa na kundi la nyota liitwalo Orion, likaja kupewa buruji ya tatu baadaye. Mshale nao hauoani kikamilifu na al-Qaws, ambalo ni upinde, wala na mpiga upinde wa Ulaya. Unaelekea zaidi kufuata alama inayochorwa, ambayo kwa kweli ni mshale.

Jina gumu kuliko yote ni Punda. Buruji ya kwanza ni kondoo kwa Wagiriki, kwa Waarabu na kwa Wazungu wa leo. Kondoo amegeukaje punda alipofika pwani ya Afrika Mashariki? Zipo dhana mbili zinazofaa kupimwa. Ya kwanza ni kwamba neno la Kiarabu la mwanakondoo, hamal, na neno la mzigo, haml, huandikwa kwa herufi zilezile tatu. Na Kiswahili tayari kilikuwa na neno hamali, mpagazi wa bandarini na sokoni, kutoka mzizi huohuo wa kubeba. Msikilizaji wa Kiswahili aliyesikia nyota ya Hamali alisikia habari za mizigo, na mnyama wa mizigo katika vichochoro vya Lamu na Unguja ni punda. Dhana ya pili ni kuchanganywa kwa hamal na himar, ambalo ndilo neno la Kiarabu la punda. Dhana ya kwanza inaelekea kuwa na nguvu zaidi, maana inaeleza kosa kwa njia ya neno lililokuwa hai midomoni mwa watu. Hata hivyo, inabaki dhana mpaka hati itakapopatikana inayoonyesha mahali jina lilipogeuka.

Maneno mengine ya orodha hiyo yalitoka angani yakaenda kufanya kazi nyingine. Saratani ni ugonjwa, kwa sitiari ya kaa ambayo Wagiriki walikuwa nayo kabla ya Waarabu. Akrabu ni nge, lakini pia ni mshale wa saa, unaozunguka ukionyesha wakati. Neno buruji lenyewe lilikuwa mnara wa ngome, na ndiyo maana Sura ya 85 ya Kurani iitwayo Al-Buruj imepata kufasiriwa kwa minara na kwa makundi ya nyota. Mwanafunzi anayejifunza sayansi kwa Kiswahili, akisoma Zuhura, Mirihi na Zohali, anatumia majina ambayo wanafalaki waliyatumia kwa kutafuta siku ya harusi.

Neno falaki pwani lilikusanya mambo ambayo leo yametenganishwa. Mwenye elimu hiyo alihesabu mwaka wa Nairuzi wenye siku 365, uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, ili nahodha ajue kusi litaanza lini na mkulima ajue lini apande. Alitazama Kilimia, kundi la nyota linalohusishwa na majira ya mvua. Katika Desturi za Wasuaheli, kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, utabiri unaonekana ukiwa sehemu ya maisha ya kila siku, pamoja na ndoa, safari na ugonjwa. Mwalimu huyohuyo aliyesomesha watoto ndiye aliyeendewa mtu alipotaka kujua kama jambo lina heri au nuhusi.

Mwalimu hakuuliza tarehe. Aliuliza jina la mtu na jina la mama yake. Herufi za majina hayo mawili alizigeuza namba kwa hesabu ya abjadi, ambamo alifu ni 1, be ni 2, na kuendelea hadi ghaini, ambayo ni 1000. Jumla aliigawa kwa 12, na kilichobaki ndicho kilichoonyesha buruji. Mathalani, Ali huandikwa kwa aini yenye 70, lamu 30 na ye 10. Jumla ni 110. Ikiwa mama yake ni Fatuma, jina lenye fe 80, alifu 1, twe 9, mimu 40 na he ya mwisho 5, jumla yake ni 135. Namba hizo mbili zikijumlishwa ni 245. Ikigawanywa kwa 12 inabaki 5, na buruji ya tano ni Asadi. Ali huyu ni Simba. Ndugu yake wa baba mmoja, naye akiitwa Ali lakini mama yake ni Mariamu, ana 110 na 290, jumla 400; inabaki 4, naye ni Kaa. Iwapo watoto hao walizaliwa usiku mmoja au miaka kumi mbalimbali, haidhuru kitu.

Hapo tahajia iliweza kubadilisha maisha ya mtu. Herufi ya mwisho ya Fatuma ina sura ya he yenye nukta mbili, na asiyekuwa mwangalifu angeweza kuihesabu kuwa te, yenye 400. Akifanya hivyo, jumla inakuwa 640, inabaki 4, na Simba anageuka Kaa. Tatizo lilikuwa kubwa zaidi kwa majina ya Kibantu. Abjadi haikuwa na p, v wala g, na waandishi wa Kiswahili kwa hati za Kiarabu waliziwakilisha mara nyingi kwa be, fe na ghaini. Hivyo, mwenye jina lenye sauti g, likiandikwa kwa ghaini, alibeba namba 1000 ndani ya jina lake, kwa sababu tu ya desturi ya waandishi. Uchumba ambao nyota zake zilionekana hazipatani uliweza kuvunjwa kwa ajili ya nukta.

Jambo la kuzingatiwa zaidi, hata hivyo, ni mama. Katika jamii za pwani mtu alitambulishwa kwa baba yake: alikuwa bin au binti fulani barazani, mahakamani na katika mirathi. Kwa mwalimu wa falaki baba hakuhesabiwa. Maelezo ya kawaida ni kwamba mama hana shaka. Kila mtu aliyeshuhudia uzazi anamjua. Basi katika elimu hii iliyoshikwa kwa sehemu kubwa na wanaume, jina lililoamua ajali ya mtu lilikuwa la mwanamke, nalo lilitamkwa kwa sauti ya chini, kwa kuwa anayelijua jina la mama wa mtu anaweza kumfanyia hesabu asiyoitaka.

Hesabu hii haikutoka katika unajimu mkuu wa kale. Buruji kumi na mbili zilizo sawasawa ziligawanywa Babeli katika karne ya 5 kabla ya Kristo, na Ptolemy wa Aleksandria akaupanga unajimu huo katika karne ya 2 baada ya Kristo. Mfumo huo ulidai kujulikana saa na mahali pa kuzaliwa, ili ionekane buruji gani ilikuwa ikichomoza mashariki. Ndio mfumo ulioshughulikiwa na Abu Maashar wa Balkh, aliyezaliwa mwaka 787, akafanya kazi Baghdad na kufariki Wasit mwaka 886. Kitabu cha hesabu ya majina kinachouzwa kwa jina la Abu Maashar al-Falaki, na ambacho kimetumiwa sana pwani, hunasibishwa naye kwa heshima tu; hakifanani na kazi zake za kweli. Ni njia ya mkato iliyowafaa watu wasio na saa wala daftari la uzazi, ila wenye majina.

Safu ya gazeti nayo ni njia ya mkato, iliyotokea kwingineko kabisa. Tarehe 24 Agosti 1930 gazeti la Sunday Express la London lilichapisha makala ya R. H. Naylor kuhusu nyota za binti wa kifalme, Margaret, aliyekuwa amezaliwa siku tatu kabla. Tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo chombo cha anga R101 kilianguka Ufaransa, na kwa kuwa Naylor alikuwa ameandika juu ya hatari kwa vyombo vya anga vya Uingereza, akapata umaarufu na safu ya kudumu. Gazeti haliwezi kumuuliza kila msomaji saa aliyozaliwa. Kwa hiyo ilichukuliwa buruji ya Jua peke yake, ambayo hujulikana kwa tarehe, na watu wote wakagawanywa mafungu kumi na mawili. Ikumbukwe kwamba tarehe hizo hazilingani tena na anga: mhimili wa Dunia huyumba kwa takriban digrii moja kila miaka 72, na leo Jua la tarehe 21 Machi, siku ya kwanza ya Punda, limo katika nyota za Samaki.

Safu hiyo ilipoingia katika Kiswahili ilivikwa majina yaliyokuwapo. Ndipo mtu mmoja akawa na nyota mbili chini ya neno moja. Ali bin Fatuma, ambaye kwa mwalimu ni Simba, akizaliwa mwezi wa Novemba mwanzoni ni Nge kwa gazeti. Sheikh Yahya Hussein, mnajimu mashuhuri wa Dar es Salaam aliyefariki Mei 2011, alisimama mahali njia hizo zinapokutana: alitoka katika mapokeo ya falaki, lakini umaarufu wake ulikuzwa na magazeti, redio na televisheni. Mwaka 2009 alitangaza kwamba mwanachama wa CCM atakayejitokeza kumpinga Rais Kikwete katika uteuzi wa mwaka uliofuata angekufa ghafla. Kukawa na mjadala mkali. Mwaka 2010 Kikwete alipitishwa bila mpinzani chamani, jambo ambalo desturi ya chama hicho ya kumwachia rais aliye madarakani awamu ya pili yatosha kulieleza. Lakini tangazo lenyewe lilionyesha mabadiliko: maneno ambayo zamani yangesemwa faraghani kwa mwenye haja yalisemwa hadharani juu ya mtu asiyetajwa.

Lugha ya uongozi nayo ilibadilika. Mwalimu alisema kwa sharti na dua: jambo lina uzito, toa sadaka, ngoja mwezi uandame, na Mungu ndiye ajuaye. Safu husema kwa wakati ujao, "utapata", "utakutana", kisha ikaongeza "jihadhari" bila ya kusema na nani. Msomaji ni wewe, na wewe huyo ni maelfu. Sadaka imepungua, mahali pake zimeingia rangi, namba na kito.

Hata hivyo mama hajaondoka kabisa. Wapo watabiri ambao hadi leo humtaka mteja alete jina lake, jina la mama yake na tarehe yake ya kuzaliwa, wakizitumia hesabu zote mbili bila ya kuona mgongano. Na wapo wazee ambao makarani waliwakadiria mwaka tu, wakajaza 1 Januari mahali pa siku. Kwa gazeti, wazee hao wote ni Mbuzi. Kwa mwalimu, kila mmoja wao angali ana mama yake.