Mji wa Kericho: Kisiwa Katikati ya Chai



Ni desturi ya kitabu hiki cha mwaka kutoa hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka. Lakini fedha hizo zina asili yake, na kijana ajiungaye nasi leo aweza kudhani kwamba kusaidiana ni jambo lililoota lenyewe kama uyoga. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza kwa ufupi jinsi mji wetu ulivyopata kuwapo, na kwa nini watu wake walilazimika kuwa ndugu.

Kericho iko juu, kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, karibu na msitu wa Mau. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, na mito kama Itare na Kiptiget yateremka kutoka msituni mpaka maji yake yafike ziwa Victoria kwa njia ya Sondu. Mtu asimamaye mahali palipoinuka huona mashamba ya chai yameuzunguka mji kama maji yazungukavyo kisiwa. Naye akaaye kisiwani hujua mpaka wake: hana pa kupanulia nyumba, wala shamba, wala makaburi.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Nchi hii ilikuwa ya Wakipsigis, wafugaji wa ng'ombe na wakulima wa wimbi. Majirani walikuwa na baraza lao liitwalo kokwet, ambalo wazee waliamulia magomvi, na kazi iliyomshinda mtu mmoja iliitiwa wengi. Mwaka 1901 reli ilifika ziwani, ikapita katika kituo cha Lumbwa, ambacho sasa huitwa Kipkelion. Mwaka 1905 Serikali ya Kiingereza ilituma askari kuwapiga watu wa Sotik. Wengi waliuawa, ng'ombe wakatekwa, na baada ya hapo ardhi kubwa ikagawiwa walowezi. Mwaka 1934 Serikali ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ambamo walitoka viongozi waitwao Orkoiik. Walipelekwa Gwassi, kando ya ziwa, wakae mbali na watu wao. Waliporudi mwaka 1962, wengi waliikuta ardhi ya baba zao imo mikononi mwa wengine.

Chai yenyewe haikuwa ya kwanza. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1919, ekari 25,000 zilitengwa kwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, na mpango wao ukavunjika. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na African Highlands yakaanza kupanda chai, na tangu hapo mashamba yakazidi kuenea.

Chai haingoji. Majani mawili na kichipukizi chake huchumwa kwa mkono, hupimwa kwenye mizani, na hupelekwa kiwandani siku ile ile kabla hayajaharibika. Kazi hiyo yataka watu wengi, mwaka mzima. Basi wakaja Waluo, Waluhya na Wakisii, wakachanganyika na Wakipsigis, kila mmoja na kikapu chake mgongoni na mnyapara wake mbele. Walipewa nyumba kambini, lakini nyumba ile ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, iwe kwa uzee, kwa ugonjwa au kwa kufukuzwa, nyumba nayo imekwisha. Mtu aliweza kuchuma chai miaka 30 asiwe na mahali pa kuegemeza fimbo yake.

Hapo ndipo lilipo shina la vyama vyetu. Kabila halikumtosha mtu aliyekuwa mbali na kwao, na mwajiri alihesabu mikono tu. Mtu alipofariki, maiti ilihitaji sanda, sanduku na gari la kumfikisha kwao, na mjane na watoto walihitaji nauli na chakula. Katika miji ya Kenya watu wa asili moja wakaanza kuchanga: Luo Union ilijulikana kila mahali, na wengine wakafanya vivyo hivyo. Wahenga walisema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Lakini kambini mzaliwa nawe alikuwa mbali mwendo wa siku nyingi, na aliyekula nawe ndiye aliyekufumba macho.

Nje ya mashamba makubwa mambo yalibadilika kwa polepole. Mpaka miaka ya 1950 Mwafrika alizuiliwa kulima chai. Ruhusa ilipopatikana, na hasa baada ya KTDA kuundwa mwaka 1964, wakulima wadogo wa Kericho na Bomet walipata chai yao wenyewe. Kituo cha kupimia majani kikawa baraza jipya, ambapo habari za ndoa, misiba na karo husikika kabla ya kufika popote pengine.

Tusifiche yaliyotuumiza. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, jirani alimkimbia jirani, na wachumaji wengi wakaacha nyumba zao usiku. Tena mashine za kuchuma zimechukua kazi za watu wengi, hata mwezi wa Mei 2023 baadhi yake zikachomwa moto mashambani. Mchumaji anayeondolewa na mashine leo huondoka na mzigo ule ule wa babu yake: godoro, sufuria, na nyumba isiyo yake.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mchango tunaoutoa kila mwezi si sadaka. Ni ardhi ya wasio na ardhi, na ni kokwet ya watu waliokutanishwa na kazi. Twawaomba wazee wawasimulie vijana majina ya waliotutangulia, nao vijana wayaandike katika daftari la chama. Na siku ya msiba tusiulize marehemu alitoka upande gani wa mto. Tuulize amewaacha wangapi, na nani atawafikisha kwao.