Kabla ya Spinning, Kulikuwa na Mnoa Visu

Nyie mnaolipia darasa la baiskeli isiyowafikisha hata Msamvu, hii kitu si ngeni Bongo.

Sisi wa Mazimbu Wasauzi tunawajua: 1978 ANC walianzisha shule ya wakimbizi, SOMAFCO, na 1992 wakaikabidhi kwa serikali yetu, leo ni kampasi ya SUA. Sasa Msauzi mwingine kabisa, Johnny Goldberg, aliyehamia Marekani, ndiye aliyeibuka na Spinning, na miaka ya 1990 ikasambaa. Kanuni yao: tambarare, mizunguko 80 hadi 110 kwa dakika, mlima, 60 hadi 80. Hesabu goti la kulia sekunde 30, zidisha kwa mbili.

Ila mnoa visu wa mtaani alishakuwa kazini zamani. Baiskeli iko kwenye stendi, gurudumu la nyuma linaning'inia, mkanda unazungusha jiwe. Akikandamiza panga, pedali zinakuwa nzito. Hakanyagi kwa hasira kama wewe! Analegeza mkono, mzunguko unarudi, ndipo anakandamiza tena. Akikimbiza jiwe kupita kiasi, chuma kinapata moto na makali hayakai, mama mwenye kisu atarudi kugomba. Mwendo anaujua kwa kusikiliza jiwe tu, hana skrini wala DJ.

Gym ni kinyume: watu wanapunguza uzito, miguu inakimbia, makalio yanarukaruka kwenye siti. Hapo gurudumu ndilo linalokubeba, bosi. Ongeza uzito kidogo mpaka utulie.