Uji wa Paa

Muhula uliopita nilimkabidhi msimamizi wangu kurasa arobaini. Kozi yetu ya uzamili katika fasihi inamruhusu mwanafunzi kuandika kazi ya kubuni, mradi aambatanishe insha ya nadharia. Kurasa zangu zilihusu utoto wangu Tanga, nyumbani kwa mama mdogo, aliyenichukua nikiwa na miaka sita na kunisomesha kwa kuuza vitumbua. Zilikuwamo alfajiri za moshi wa kuni, barabara ya shule, na meza niliyofanyia kazi za shule chini ya dirisha, meza yenye kanyagio la chuma ambalo nilikuwa nikilichezesha kwa miguu huku nikikariri majedwali ya kuzidisha. Mwisho wa kurasa hizo niliingia chuo kikuu. Msimamizi alizisoma, akanirudishia, akaniuliza:

"Huyu mama yako mdogo yuko wapi?"

Nikashangaa. "Mwalimu, mbona yuko kila ukurasa?"

"Yuko kila ukurasa amebeba kitu," akasema. "Ndoo, sinia, mkoba wako wa shule. Yeye mwenyewe sijamwona."

Akanishauri niziweke kando kwa muda, na insha yangu ya nadharia niifanye kuhusu historia ya vifaa na programu zilizotengenezwa kuwasaidia waandishi kusuka hadithi. Nilidhani ananipa kazi ya kunipoza. Nikaenda maktaba.

Historia hiyo ina mizizi mingi, lakini miwili kati yake ilichomoza mwaka mmoja, 1928, katika nchi mbili zisizojuana.

Mzizi wa kwanza uko Leningrad. Vladimir Propp alichukua ngano za ajabu mia moja kutoka mkusanyo wa Afanasyev, akazichambua kama mtaalamu wa mimea anavyochambua majani na mizizi. Akaona kwamba watu na vitu hubadilika, lakini matendo hubaki. Hapa mzee anampa shujaa farasi, pale bibi anampa pete. Tendo ni lilelile: shujaa anapewa nyenzo ya kumvusha. Propp aliyaita matendo hayo dhima, akayahesabu, yakawa 31. Hayatokei yote katika kila ngano, lakini yale yanayotokea hufuatana kwa mpangilio uleule, na la mwisho kabisa ni harusi. Wahusika nao aliwagawa kwa kazi wanazofanya, akapata makundi saba, na mojawapo ni la msaidizi.

Propp alikuwa mwangalifu. Alisema mpango wake ni wa ngano za ajabu tu, si wa hadithi zote duniani. Hata jina alilotaka kukipa kitabu lilitaja ngano za ajabu. Mhariri ndiye aliyelipanua likawa la ngano kwa jumla, na Propp alikuja kulilalamikia jambo hilo miaka mingi baadaye.

Mzizi wa pili uko Michigan, Marekani. William Wallace Cook alikuwa mwandishi wa riwaya za bei rahisi, mtu wa kuandika haraka ili ale. Mwaka huohuo wa 1928 alichapisha *Plotto*, kitabu chenye hali za migogoro 1,462 zilizopewa namba. Mwanamume mkuu anaitwa A, mwanamke mkuu anaitwa B. Unachagua hali moja, kitabu kinakuelekeza namba zinazoweza kuitangulia na zinazoweza kuifuata, unaendelea hivyo hadi msuko unakamilika. Erle Stanley Gardner, aliyemuumba wakili Perry Mason, alikuwa mmoja wa waliokitumia.

Tofauti ya watu hawa wawili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Propp alieleza jinsi hadithi zilizokwisha kusimuliwa zilivyo. Cook alionyesha jinsi ya kuipata nyingine kabla ya Jumatatu. Mmoja aliacha ramani, mwingine aliacha jiko.

Kitabu cha Propp kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1958, kilikutana na kizazi kilichokuwa kinajifunza kompyuta, na ramani ikaanza kutumika kama jiko. Mwaka 1973, Sheldon Klein na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin walieleza programu iliyotunga hadithi za mauaji zenye maneno 2,100, kila moja kwa chini ya sekunde 19. Baadaye kundi hilo likajaribu kuziingiza nadharia za Propp mwenyewe katika mashine.

Lakini aliyenichekesha peke yangu maktabani ni James Meehan wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyekamilisha tasnifu yake mwaka 1976. Programu yake, TALE-SPIN, iliwapa wanyama malengo kama njaa na kiu, kisha ikafuata wanavyohangaika kuyatimiza. Meehan aliorodhesha bila aibu hadithi zilizoharibika. Katika mojawapo, sisimizi anateleza na kuanguka mtoni. Ili sisimizi aanguke, lazima kuwe na kitu kinachomvuta, na kompyuta ilikuwa imefundishwa kwamba kitu hicho ni mvutano wa dunia. Basi mvutano wa dunia nao ukahesabiwa mhusika, ukajikuta mtoni pamoja na sisimizi. Sisimizi alikuwa na rafiki ndege wa kumwokoa. Mvutano wa dunia haukuwa na miguu, mabawa wala rafiki. Ukazama, ukafa maji.

Nilipomaliza kucheka niliona kwamba mashine haikukosea hesabu. Ilifuata sheria ilizopewa hadi mwisho. Kilichokosekana ni mtu wa kuiuliza: katika hadithi hii, nani ni mtu na nani ni nguvu tu ya kusukuma mambo? Nilipolifikiria swali hilo kwa upande wangu, sikulipenda.

Mwaka 1994 ikatoka Dramatica, kazi ya Chris Huntley na Melanie Anne Phillips, waliokuwa wamesomea filamu Chuo Kikuu cha Southern California, pamoja na Stephen Greenfield aliyeandika programu yenyewe. Hii haikuandikii hadithi. Inakuuliza maswali. Nadharia yao ni kwamba hadithi iliyokamilika ni kama akili moja inayohangaika na tatizo moja, na kila mhusika ni upande mmoja wa akili hiyo. Ukianza kuna maumbo 32,768 yanayowezekana. Kila unapojibu, mengine yanafutika, hadi linabaki moja.

Ina matatizo yake. Msamiati wake ni mzito kuliko somo lolote nililowahi kusoma, na mifano yake mingi ni filamu na vitabu vya Magharibi. Ukiipelekea *Nagona* ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, sijui ni kisanduku kipi kitakachoipokea. Lakini ndani yake nilikuta wazo moja lililonistahilia safari yote. Wanamtenganisha anayeisukuma hadithi na yule ambaye tunaiona hadithi kupitia macho yake. Sisi darasani humwita yeyote kati yao mhusika mkuu, tukapita. Mfano wao ni *To Kill a Mockingbird*: Atticus ndiye anayepigania kesi, lakini macho ni ya binti yake, Scout.

Nikaamua kuijaribu kwa hadithi ya kwetu. Nilichagua kisa cha Sultani Darai, ambacho Edward Steere alikichapisha London mwaka 1870 katika kitabu cha hadithi alizozikusanya Zanzibar. Mama mdogo alikuwa akinisimulia sehemu ya maskini na paa, naye hakuwa amesikia habari za Steere.

Maskini Hamdani anapekua jaani akitafuta punje za mtama, anaokota thumuni, ananunua paa. Paa anasema. Paa anapata almasi, anaipeleka kwa Sultani, anamposea bwana wake binti wa Sultani. Paa anamuua nyoka mwenye vichwa saba, na nyumba ya nyoka inakuwa ya Hamdani. Harusi imefanyika, utajiri upo. Kwa hesabu ya Propp tumefika mwisho.

Kumbe ndipo hadithi inapoanza kuuma. Paa anaugua. Anamtuma bibi mzee wa nyumba hiyo amwambie bwana. Bwana anajibu apikiwe uji wa nafaka duni. Mkewe anamsihi. Hamdani anasema paa mwenyewe alimnunua kwa thumuni. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Sultani mwenyewe anakuja kumlilia na kumzika. Kisha usiku mmoja mke anaota yuko kwao, anaamka yuko kwao. Hamdani anaota anapekua jaani, anaamka yuko jaani.

Kwa mpango wa Propp, paa ni msaidizi. Hilo nililijaza upesi. Nilipofika kwenye maswali ya Dramatica nikakwama. Nani anaisukuma hadithi hii? Hamdani hafanyi lolote tangu anunue hadi mwisho. Paa ndiye anayetenda kila tendo. Hamdani ni macho yetu tu: sisi ndio tuliokaa jaani, sisi ndio tuliopewa nyumba, sisi ndio tuliotoa uji. Kisha likaja swali lingine la programu: mtu huyu mwishoni amebadilika, au amebaki alivyokuwa? Nikajibu kwamba amebaki. Ndiyo maana anarudi jaani. Mali ilibadilika, yeye hakubadilika.

Nilikuwa nimesikia hadithi hiyo mara nyingi nikiwa nimelala mkekani, na siku zote nilidhani ni ya Hamdani.

Nitasema jambo ambalo halikuwamo katika kurasa zangu arobaini. Mwaka jana mama mdogo alipiga simu akasema mguu umevimba, hawezi kusimama kwenye karai. Nilikuwa njiani kuingia semina. Nikamtumia shilingi 20,000 kwa simu, nikamwambia nitampigia Jumapili. Nilimpigia baada ya wiki tano. Alikuwa amepona, hakunilaumu, akaniuliza kama nakula vizuri.

Sitaki kusema programu ya kompyuta ilinifundisha utu. Ingekuwa dhihaka kwa aliyenilea, na si kweli. Waliosimulia kisa cha Hamdani walijua zaidi ya karne moja na nusu iliyopita jambo ambalo orodha ya dhima 31 haikukusudiwa kulisema, kwamba msaidizi naye ana deni analodai. Lakini nadharia ilinifanyia kazi moja ambayo mapenzi hayakuifanya. Ilinilazimisha kujaza nafasi. Palipoandikwa jina la mhusika niliandika la mama mdogo. Palipoulizwa anataka nini, niliandika: *anataka nisome*. Nikaitazama sentensi hiyo. Hayo yalikuwa matakwa yangu niliyokuwa nimemvika yeye. Miaka kumi na minane nimemjua, sikuwahi kumuuliza.

Hapo ndipo ninapouona msaada wa vifaa hivi, na mpaka wake. Cook alikupa majibu 1,462, na majibu hayo hayamjui mtu wako. Programu ya Meehan iliendelea bila kuuliza, ikamzamisha asiyezama. Inayouliza inaweza kukusaidia, ilimradi ukumbuke kwamba jibu haliko ndani yake. Itabidi uinuke kitini ukalitafute kwa mwenyewe.

Nikampigia jioni ileile.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini? Leo si Jumapili."

Nikamwambia naandika kitabu na yeye yumo. Akacheka, akauliza kama nimemweka na kanga nzuri. Nikamuuliza, kabla sijaja kukaa kwake, alikuwa anataka kufanya nini maishani.

Alinyamaza kidogo. Nilisikia pikipiki ikipita nje kwake.

"Si nilikuwa fundi nguo," akasema. "Nilikuwa na cherehani yangu. Nilitaka kufungua kibanda pale sokoni, niweke na wasichana wawili wa kujifunza. Ulipopasi kwenda kidato cha kwanza nikauza kichwa cha cherehani. Meza mnunuzi hakuitaka, nikakuachia usomee."

Sikupata la kusema.

"Nilidhani unajua," akasema. "Ulikuwa unalichezesha lile kanyagio kutwa."

Kurasa arobaini nimeziweka kabatini. Msimamizi amekubali nianze upya. Nimeandika sita hadi sasa, na zinaanza kabla sijafika nyumba ile: mwanamke wa miaka ishirini na minne anapima kitambaa cha mteja dirishani, sindano mbili ameziuma mdomoni, na mguu wake uko juu ya kanyagio.