Bibi wa Old Alresford

Katika Kiswahili neno moja hubeba heshima tatu. Mke wa mtu ni bibi. Mwanamke mwenye daraja ni bibi. Na mama wa mzazi ni bibi vilevile. Mary Sumner, Mwingereza aliyezaliwa mwisho wa mwaka 1828, alistahili jina hilo kwa njia zote tatu, lakini kwa mbili za kwanza historia isingalimjua. Wake wa mapadre walikuwa wengi katika Uingereza ya karne ya 19, na mabibi wa nyumba kubwa hawakuwa haba. Kazi yake ilianza alipopata mjukuu.

Alizaliwa karibu na Manchester, binti wa Thomas Heywood, mtu wa benki aliyependa mambo ya kale. Akalelewa Hope End, katika jimbo la Herefordshire, ndani ya milki ile ile ambamo kabla yake alikulia mshairi Elizabeth Barrett Browning. Alifundishwa lugha za kigeni na kuimba, kama ilivyokuwa desturi ya mabinti wa watu wenye nafasi. Akiwa safarini Roma alikutana na George Sumner, mwana wa Askofu wa Winchester. Wakaoana mwaka 1848. Mwaka 1851 George alipewa parokia ya Old Alresford, kijiji cha Hampshire, na huko wakakaa zaidi ya miaka 30. Walijaliwa watoto watatu: mabinti wawili, na mvulana aliyeitwa Heywood, ambaye baadaye alijulikana kwa usanii na kwa uchunguzi wa magofu ya kale.

Maisha hayo yalikuwa ya raha, wala hayakuwa na dalili ya kutoka nje ya ua wa parokia. Lakini ndani yake mlikuwa na kumbukumbu moja ambayo Bibi Sumner hakuisahau. Mtoto wake wa kwanza, Margaret, alipowekwa mikononi mwake, furaha ilimjia pamoja na hofu. Alijiona amepewa roho ya mtu aitunze, naye hakufunzwa kazi hiyo hata kidogo. Alijua lugha za watu, alijua kuimba, kulea hakujua. Mwaka 1876 Margaret naye alipojifungua, hofu ile ya zamani ilirudi, safari hii ikiwa machoni pa mtu mzima wa miaka 47 aliyeweza kuitazama bila kutetemeka. Akajiuliza ni wanawake wangapi waliokuwa wakiipita njia ile ile peke yao.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki huenda akaona ajabu kwamba jambo hili lilihitaji kuundiwa chama. Binti wa pwani akizaa mzaliwa wa kwanza, mara nyingi mama yake au bibi yake huwa naye mpaka arobaini itimie, na mafunzo hupita kutoka mkono hadi mkono pasipo kuitwa mafunzo. Katika Uingereza ya wakati ule mambo yalikuwa mengine. Matajiri waliwaachia yaya watoto wao. Maskini walikwenda vibaruani mashambani na viwandani, na mtoto akalelewa na dada yake mdogo. Bibi Sumner alizilaumu nyumba za tabaka zote mbili, na kwa sababu hiyo aliwaalika wote pamoja: wake wa wakubwa na wake wa vibarua, katika chumba kimoja cha nyumba ya padre.

Siku ya mkutano ilipofika, akina mama wakaja, nao walikuwa wengi. Mwenye mkutano akashikwa na woga, sauti ikamkauka, asiweze kusema neno. Ilimpasa mumewe awaombe wageni warudi juma la pili. Jambo hili linastahili kukumbukwa kuliko hotuba zake nyingi za baadaye. Yeye aliyewaita wenzake wasiogope kazi yao alikuwa wa kwanza kushindwa na hofu mbele yao, na bado juma la pili wakarudi. Pengine walirudi kwa sababu walikuwa wamemwona akishindwa. Safari hii alisema. Akawapa kadi yenye ahadi, iliyowakumbusha kwamba watoto wao wamekabidhiwa kwa Kristo katika ubatizo, mwili na roho, na kwamba wajibu wa mama ni kuwalea kwa ajili ya utumishi wake. Ndivyo ulivyozaliwa Umoja wa Akina Mama.

Kwa miaka tisa umoja huo ulibaki kuwa shughuli ya kijiji. Mwaka 1885 ulifanyika Mkutano Mkuu wa Kanisa mjini Portsmouth, na Askofu Ernest Wilberforce wa Newcastle alitakiwa aseme na wanawake. Askofu akaona kwamba Bibi Sumner angeweza kusema nao vizuri zaidi, akampisha. Wakati huo haikuwa kawaida kwa mwanamke kuhutubu mbele ya umma, na hata yeye alisitasita kabla ya kusimama. Baada ya siku hiyo mambo yalikwenda mbio: dayosisi ya Winchester ikaukubali umoja kuwa wake, na nyingine zikafuata. Gazeti la wanachama lilianza mwaka 1888, na jingine baada yake likahaririwa na Charlotte Yonge, mwandishi wa riwaya. Mwaka 1892 wanachama walikuwa 60,000. Mwaka 1900 walikuwa wapata 169,000. Malkia Victoria, naye bibi wa wajukuu wengi, akawa mlezi wa umoja mwaka 1897.

Hata hivyo nyumba hii ilijengwa na mlango mwembamba. Bibi Sumner aliamini kwamba ulezi wa Kikristo husimama juu ya ndoa isiyovunjwa. Sheria ya mwaka 1857 iliyofungua mahakama ya talaka Uingereza aliiona kuwa msiba, na umoja wake ukapinga kila jitihada ya kuipanua. Mwanamke aliyepewa talaka hakukubaliwa kuwa mwanachama, hata kama kosa halikuwa lake. Hapa ndipo hukumu ya historia inapokuwa ngumu. Hofu iliyomsukuma mwaka 1876 ilikuwa hofu ya mama aliye peke yake. Na kanuni yake ilimfungia nje mama aliye peke yake kuliko wote.

Umoja ulipovuka bahari pamoja na wake wa wamisionari, kanuni hiyo ilivuka nao. Katika nchi za Afrika Mashariki iliwakuta wanawake walioolewa kwa mila na mahari, wengine wakiwa wake wa pili, wengine wakiwa wamebatizwa baada ya kuolewa. Wenye ndoa ya kanisani, ndoa ya pete, waliingia. Wengi wa jirani zao, waliowafunza watoto wao sala zile zile, walibaki nje. Si haki kumtwika Bibi Sumner lawama yote, kwa maana hakupata kuziona nchi hizi, na Kanisa lenyewe ndilo lililokuwa na sheria za ndoa. Lakini yeye ndiye aliyeufanya mlango, na mlango hupimwa na watu wanaopita na wasiopita.

Kanuni ya talaka ililegezwa mapema katika miaka ya 1970, baada ya mabishano marefu miongoni mwa wanachama wenyewe. Umoja umehesabiwa kuwa na wanachama wapatao milioni 4 katika nchi zaidi ya 80, na sehemu kubwa yao wako Afrika.

Mary Sumner hakuyaona hayo. Mumewe alifariki mwaka 1909, na wakati huo naye alikuwa akiuacha urais wa umoja. Alifariki Agosti 1921, mwenye umri wa miaka 92, akazikwa karibu na mumewe katika viwanja vya Kanisa Kuu la Winchester. Kanisa la Uingereza humkumbuka kila mwaka katika mwezi huo wa Agosti.