Kutoka Ujinga hadi Uzuri: Safari ya Neno "Nice"

Hakuna kivumishi cha Kiingereza kilichochakaa kama "nice". Chakula ni "nice", shati ni "nice", mchumba wa rafiki yako naye ni "nice". Ukimwuliza msemaji ana maana gani hasa, atakujibu tu, "Aa, si zuri!" Kwa urahisi huo, sisi wanafunzi wa fasihi hulipita neno hili mbiombio tunaposoma matini za zamani. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kulipita hivyo kunaharibu uhakiki, na kisha kuuliza: asili ya neno ina mamlaka gani juu ya maana yake?

Tuanze na hiyo asili. "Nice" limetokana na neno la Kilatini "nescius", yaani asiyejua. Ndani yake mna kikanushi "ne" na kitenzi "scire", kujua. Kitenzi hichohicho ndicho kilichozaa "science", kwa hiyo maneno haya mawili ni ndugu, ila mmoja alikanushwa tangu tumboni! Katika Kifaransa cha kale neno lilimaanisha mpumbavu, na kufikia mwaka 1300 hivi Waingereza nao walilitumia vivyo hivyo. Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alilijua kwa maana hiyo. Zama hizo ukiitwa "nice" umetukanwa.

Baadaye upumbavu ukahusishwa na anasa, anasa na kudeka, kudeka na kuchaguachagua. Anayechagua sana huangalia vitu vidogovidogo, basi neno likabeba umakini, na hata udogo wenyewe. Maana ya "zuri, la kupendeza" ilishika mizizi katika nusu ya pili ya karne ya 18. Hatua hizi hazikufuatana kama mabehewa ya treni. Nyingi ziliishi pamoja, na hapo ndipo msomaji anaponaswa.

Chukua tamthilia mbili za Shakespeare ambazo Mwalimu Nyerere alizitafsiri kwa Kiswahili: *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*. Katika Kiingereza cha ile ya pili, Portia anamwambia Mwana wa Mfalme wa Moroko kwamba katika kuchagua mume haongozwi na macho ya msichana peke yake. Mwongozo huo wa macho anauita "nice". Si mwongozo mzuri. Ni mwongozo wenye kuchagua. Katika ile ya kwanza jambo ni zito zaidi. Brutus amemwadhibu Lucius Pella kwa kula rushwa, na Cassius analalamika kwamba wakati kama ule si vyema kila kosa "nice" lifuatiliwe. Hapa neno lina maana ya kosa dogo, lisilo na uzito. Yaani Cassius anaiita rushwa jambo dogo! Ugomvi mzima wa wanasiasa hawa wawili umebebwa na kivumishi kimoja. Anayelisoma kwa maana ya leo atakuta maneno yasiyoeleweka, na dhamira ya rushwa itampita hivihivi.

Je, tuseme basi kwamba maana ya kale ndiyo maana halisi? Hebu tumwangalie Jane Austen. Katika *Northanger Abbey*, iliyochapishwa mwishoni mwa 1817 baada ya kifo chake, Henry Tilney anamtania msichana Catherine kwa kuita kila kitu "nice". Anadai kwamba hapo awali neno lilihusu unadhifu na ustahifu tu. Henry ni msomi wa Oxford, na usomi huo anautumia kama bakora. Lakini hiyo anayoiita ya awali siyo ya awali! Kabla ya unadhifu kulikuwa na upumbavu. Kwa hakika, Henry anatetea maana ya babu yake tu.

Akina Henry tunao hata katika Kiswahili. Wapo wanaosema eti "poa" ni la uji na chai tu, tusiseme "mambo poa". Lakini tuchukue "mstaarabu": asili yake ya Kiarabu inahusu kuwa kama Mwarabu, na leo Mmakonde au Msukuma anaitwa mstaarabu bila kuacha umakonde wala usukuma wake. Asili haikulifunga neno. Hata hivyo inatueleza ni nani waliohesabiwa kuwa kipimo cha utu bora pwani yetu, na habari hiyo mhakiki hapaswi kuitupa.

Kwa maoni yangu, historia ya neno ni shahidi, siyo hakimu. Tumwite atueleze Cassius alisema nini juu ya rushwa. Ila tusimpe bakora ya kumchapa Catherine.