Okot p'Bitek na Tamasha la Kisumu: Sanaa Iliyovuka Mpaka

Mwaka 1934, tajiri wa Kiingereza aitwaye John Christie alifungua ukumbi wa opera aliokuwa ameujenga ubavuni mwa nyumba yake ya shamba huko Glyndebourne, Sussex. Mkewe, Audrey Mildmay, alikuwa mwimbaji. Ukumbi ulikuwa na viti 300 hivi, na onyesho la kwanza lilikuwa kazi ya Mozart. Tamasha lililoanzia hapo lingali hai hadi leo. Christie aliihamishia opera shambani.

Huku kwetu, aliyeitoa sanaa kwenye jiji na kuipeleka kwa watu hakuwa na jumba wala shamba. Alikuwa Okot p'Bitek, mzaliwa wa Gulu, Uganda, mwaka 1931, mtoto wa mama aliyesifika Acholi nzima kwa kutunga na kuimba. Wengi wanamjua kwa utenzi wa Lawino uliochapishwa Nairobi mwaka 1966. Wachache wanajua kwamba alipokuwa mwanafunzi wa King's College Budo alitunga opera, akaiita Acan, akaipandisha jukwaani. Baadaye alichezea timu ya soka ya Uganda iliyozuru Uingereza mwaka 1956, akabaki huko kusoma: Bristol, Aberystwyth, kisha Oxford.

Aliporudi alianzisha tamasha la sanaa Gulu. Mwaka 1966 akakabidhiwa Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho mjini Kampala, jengo lililofunguliwa mwaka 1959 na ambalo kwa muda mrefu lilitawaliwa na tamthilia za wageni. Okot aliwafungulia mlango wacheza ngoma wa vijijini. Wakati wa sherehe za uhuru wakalijaza. Kwake yeye ngoma haikuwa kitu cha kukaa kimya na kutazama baada ya kulipa kiingilio. Ilikuwa mali ya uwanja mzima, na kila aliyefika alikuwa na sehemu yake ya kuimba au kupiga makofi.

Kisha akaondolewa kazini baada ya safari ya Zambia. Alikuwa amewasema watawala wa nchi yake. Akavuka kuja Kenya. Alipata kazi Kisumu, katika elimu ya watu wazima ya chuo kikuu, na kabla mwaka 1968 haujaisha alikuwa amewakusanya watu wa huko kwenye tamasha la kwanza la sanaa la Kisumu. Mkimbizi mwenye mshahara wa mwalimu alifanya jambo hilo akiwa ugenini, na nadhani historia yetu haijampa haki yake kwa hilo.

Lakini ugenini wenyewe ulikuwa wa namna gani? Itazame ramani. Reli itokayo Gulu inaungana na njia kuu ya Mombasa Tororo, upande wa Uganda. Barabara ya Kampala kwenda Kisumu inapita Busia. Na katikati ya Acholi na Ujaluo wanakaa Jopadhola wa Tororo, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiacholi na Kijaluo. Bethwell Ogot, mwanahistoria aliyefuatilia safari za Wajaluo, alikwenda kukusanya masimulizi Padhola kwa sababu hiyo hiyo. Waiteso nao wako pande zote mbili, na akogo yao, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, haihitaji paspoti. Vivyo hivyo Wasamia. Mpaka ulichorwa na wakoloni juu ya koo zilizokuwa zikioana na kuzikana. Aliyeimba Gulu na akaeleweka Kisumu hakuwa amekwenda mbali sana.

Okot alifariki Kampala mwaka 1982, akiwa amesharudi kwao.

Tangu mwaka 2013 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina tamasha lake la utamaduni, JAMAFEST. Limefanyika Kigali, Nairobi, Dar es Salaam na Bujumbura, yote majiji makubwa. Mwaka 2018 marais Museveni na Kenyatta walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia ili malori yapite upesi. Wachezaji na waimbaji nao wanastahili kupitishwa hivyo hivyo. Naziomba serikali ya Kaunti ya Busia, Kenya, na wilaya za Busia na Tororo, Uganda, zikae meza moja, ziombe tamasha la JAMAFEST liletwe mpakani, na uwanja litakamofanyika upewe jina la Okot p'Bitek.