Kinyume cha Watoto na Kufuli la Polisi

Miongoni mwa michezo ya watoto wa pwani upo mmoja usiohitaji mpira wala kamba wala uwanja, nao ni mchezo wa ulimi uitwao kinyume, ambao mtu huikata silabi ya mwisho ya neno akaitanguliza mbele, nyumba ikawa mbanyu, maji yakawa jima, na mwenye kutaka kusema "twende pwani" akatamka "ndetwe nipwa," hata mgeni aliyeketi barazani akadhani kwamba amesikia lugha ya nchi ya mbali, na hali maneno ni yale yale ya Kiswahili yaliyobadilishana nafasi. Edward Steere, Mwingereza aliyekaa Unguja, aliona mchezo huu una uzito wa kutosha hata akatia mifano yake katika kitabu chake cha lugha kilichopigwa chapa mwaka 1870. Nami naanza nao kwa sababu habari ninayokusudia kuisimulia, ya polisi kufunga maneno yao hewani na ya wasikilizaji kuzuiwa nje, ni habari ya kinyume kilichokua: siri ambayo kila mtu aisikia na wachache waifahamu.

Tawala za zamani za pwani hazikuona haja ya siri ya namna hiyo katika kusema na raia. Mwenye mamlaka alipokuwa na neno, mbiu ilipigwa, pembe ikalia mtaa kwa mtaa, na aliyekuwa shambani akasikia sawasawa na aliyekuwa sokoni. Lakini vita na fitina zina adabu nyingine, na hakuna mahali pa kuyasoma hayo vizuri kama Gazi, kijiji cha wavuvi na mikoko katika nchi ya Wadigo, baina ya Diani na Msambweni, ambacho Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui alikifanya makao yake, akawapinga kutoka hapo masultani wa Unguja mara kadhaa, na mwishowe akawapinga Waingereza. Barua zake zilichukuliwa na tarishi kwa miguu, na tarishi, hata akiwa hodari namna gani, huonekana njiani, huulizwa atokako, na aweza kukamatwa barua ikiwa kiunoni. Hasimu zake walikuwa na chombo kingine kabisa, kwani tangu mwaka 1890 waya wa simu ulikuwa umelazwa chini ya bahari kutoka Unguja hadi Mombasa, na maneno yaliyopita humo hayakuonwa na mvuvi wala kusikiwa na mpelelezi. Vita vya Mbaruk vya 1895 vilipowaka, manowari zilikuja, na tarehe 17 Agosti mwaka huo Admirali Rawson akaiteka ngome yake ya Mwele. Aprili ya 1896 Sheikh akavuka mpaka akajitia mikononi mwa Wadachi, yaani Wajerumani, akafa Dar es Salaam mwaka 1910. Sisemi kwamba waya ndio uliomshinda, maana bunduki zilikuwapo nyingi. Nasema kwamba hapo ndipo dola ilipoanza kunena katika pwani hii bila ya pwani kusikia.

Kisha ikaja simu ya upepo, yaani redio, nayo ikapindua hesabu yote. Waya huificha njia ya maneno, lakini upepo hauna njia ya kufichwa. Asemaye hewani amesema na rafiki na adui kwa pumzi moja, na asiyetaka kufahamika hana budi kulificha neno lenyewe. Vita vya 1914 vilikuta elimu hii ingali changa. Wadachi walikuja kutoka kusini kwa njia ya pwani wakiinyemelea Mombasa, wakapigwa wakarudishwa Gazi tarehe 7 Oktoba 1914, na miongoni mwa waliowazuia katika nchi hiyo ni askari Waarabu wa Arthur Wavell. Huyu Wavell ana kisa kinachostahili kutajwa kwa kupita tu: mwaka 1908 alikwenda Makka akijifanya mtu wa Unguja, akapita katikati ya mahujaji pasi na kugunduliwa. Mtu aliyejua kujigeuza hivyo aliuawa Mwele Januari 1916.

Ama habari iliyo kubwa kupita zote hizi haikutokea Gazi, bali yapata kilomita hamsini kaskazini yake, katika skuli ya Allidina Visram iliyoikabili bahari kisiwani Mombasa, na naona ajabu kwamba watu wa pwani wanaoijua ni wachache. Wajapani walipoishambulia Colombo, kisiwani Ceylon (Sri Lanka ya leo), kwa ndege mwezi Aprili 1942, Waingereza walizihamisha manowari zao kubwa kubwa hadi Kilindini, bandari ya Mombasa, na pamoja nazo wakawaleta wale waliokuwa kazini usiku na mchana kuyanasa maneno ya adui hewani na kuyafumbua. Skuli ya watoto ikageuzwa nyumba ya siri. Mawimbi yalifika yamechoka kwa umbali, mengine hayakufika kabisa, na waliokuwa wakisikia vizuri Ceylon wakajikuta nusu viziwi. Hata hivyo katika udhaifu huo ndipo walipopata ushindi wao mkubwa. Palikuwa na fumbo la meli za biashara za Kijapani lililojulikana kwa jina la JN-40, ambalo wataalamu walilidhania kuwa la namna moja, kumbe ni la namna nyingine, hadi Septemba 1942 Wajapani walipofanya kosa, na kosa hilo likawapa John MacInnes na Brian Townend ufunguo. Kulifungua wakakuta nini? Kila alama iligeuzwa kuwa tarakimu mbili kwa jedwali la vifungu mia, kisha tarakimu zenyewe zikapangwa kwa safu na kuhamishwa nafasi zao, ya nyuma ikaja mbele na ya mbele ikaenda nyuma. Kwa maana nyingine, kinyume, kilichofanywa kwa hesabu badala ya ulimi. Ilipofika Novemba wakawa wanasoma ujumbe mpya kila uingiapo pamoja na wote uliotangulia, na meli za Kijapani, zikiwamo zilizochukua askari, zikawa zinajulikana zilipo. Katika majuma mawili yaliyofuata wakafungua mafumbo mengine mawili. Mwaka 1943 wakarudi Ceylon, na siri ya kazi ile ya kufumbua mafumbo ikafungwa yapata miaka thelathini kabla ya vitabu kuanza kuieleza.

Polisi nao walikuwa wamekwisha kuingia hewani. Mji wa Detroit huko Marekani ulianza mwaka 1928, na kwa miongo mingi iliyofuata redio ya polisi ulimwenguni ilikuwa mbiu bila ya kukusudia kuwa mbiu: askari alisema na kituo chake kwa sauti wazi, na mwenye chombo cha kusikilizia, ambacho baadaye kiliitwa skana, akasikia moto ulipowaka na mwizi alipokimbilia. Mpiga picha wa New York, Arthur Fellig, aliyejulikana kwa jina la Weegee, alipata ruhusa mwaka 1938 ya kuweka redio ya polisi katika gari lake, akawa anafika penye tukio mara nyingine kabla ya askari wenyewe. Wezi nao walisikia. Dhamiri na hiana zilikula sahani moja.

Mabadiliko yakaja kwa hatua mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kugawana masafa. Zamani kila kituo kilikuwa na masafa yake, kama chombo chenye gati lake la daima. Katika mfumo mpya wa kidijitali magati ni ya wote, na yupo msimamizi, ambaye ni kompyuta, anayekiambia kila chombo kinachoingia gati lipi liko tupu wakati huo, hata mazungumzo ya watu wawili yakawa yanarukaruka kutoka masafa haya hadi yale. Hili si kufuli. Skana nzuri inayomsikiliza msimamizi huyafuata. Ya pili ndiyo kufuli, nayo ni kusimba sauti yenyewe kwa ufunguo wa hesabu, hata anayeisikia asikie mkwaruzo mtupu. Wala si kila kufuli ni sawa: mwaka 2023 wataalamu wa Uholanzi walidhihirisha kwamba fumbo moja la mfumo wa TETRA, ulioenea katika nchi nyingi, lilitangazwa kuwa na ufunguo wa biti 80 na hali nguvu yake ya kweli ni ya biti 32, ambazo kompyuta ya kawaida huzimaliza kwa muda mfupi mno. Kufuli lililouzwa kuwa chuma lilikuwa bati lililopakwa rangi.

Kenya ilisukumwa na msiba. Katika shambulio la Westgate, lililoanza tarehe 21 Septemba 2013 na kuua watu 67, ilibainika kwamba polisi na jeshi hawakuwa na njia moja ya kusemezana, na mwaka uliofuata serikali ikapatana na kampuni ya Safaricom, kwa shilingi bilioni 14.9, kujenga mtandao wa mawasiliano ya polisi na kamera 1,800, ukiunganisha vituo 195, kuanzia Nairobi na Mombasa. Siwezi kuwalaumu waliotaka hivyo. Askari anayekwenda kumkabili mwenye bunduki ana haki ya kutosikiwa na mwenye bunduki, na anayetaka mambo yawe kama zamani, redio wazi na kila mtu kusikia, ajiulize kama angekubali hivyo mwanawe akiwa ndiye askari.

Lakini siri ya usiku wa operesheni si siri ya milele, na hapa ndipo ninapotofautiana na wapendao makufuli. Fumbo la Wajapani lilifunguliwa na kosa, na siri ya Kilindini ikafunguliwa na wakati. Maneno ya polisi yaliyofungwa kwa ufunguo madhubuti hayatafunguliwa na kosa wala na wakati, isipokuwa sheria iyafungue. Chicago, ilipoanza kufunga redio zake mwaka 2022, iliwaachia wasikilizaji sauti ile ile ikichelewa kwa nusu saa: kidogo, lakini ni kitu. Katiba yetu ya 2010 inalinda faragha ya mawasiliano katika kifungu cha 31, na katika kifungu cha 35 inampa raia haki ya habari zilizoko mikononi mwa dola, na sheria ya 2016 imeeleza namna ya kuziomba. Basi nawaomba wabunge wetu, wa Kwale na wa pwani nzima wakiwa wa mbele, watie katika sheria muda unaohesabika, wa saa, wa miezi au wa miaka kwa kadiri ya jambo, ambao ukiisha, sauti iliyorekodiwa itolewe kwa mwenye haki ya kuisikia.